Kororo na Msuko Ulioishia Nusu

Paukwa!

Pakawa!

Kichwa?

Cha mwenyewe!

Na mkono uliokisuka?

Wa mama!

Na mama yuko wapi?

Haya, hapo mmenyamaza. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia. Sogea, Sikudhani, kaa katikati ya magoti yangu, nipe na hilo chanuo. Simu iweke kule. Uliyoyasoma humo tangu asubuhi yanatosha, macho yamekuvimba. Mtu hajakuona hata siku moja, anakuandikia kwamba kichwa chako ni fagio la uani, na wewe unakaa kumlilia. Tulia basi. Ukitikisika mstari utapinda, na mimi sipendi mstari uliopinda.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwa zimeshafika mwituni, palikuwa na Kororo. Msiniulize wanyama walichaji wapi. Mimi nasimulia, siuzi umeme. Kororo ni ndege wa ukoo wa kanga, ila kanga ana kipara, na Kororo ana shungi. Shungi jeusi, la kipilipili, limejikunja na kusimama kichwani kwake kwa raha zake.

Kororo na mama yake walikaa kando ya mto mkubwa. Kila Alhamisi alasiri mama alikalia jiwe, akamweka binti yake katikati ya magoti, akamsuka twende kilioni, mistari inatoka usoni inakwenda kisogoni. Mama alikuwa na mkono mwepesi. Alisuka huku akiimba, na Kororo akasinzia. Na huko mwituni kote kulikuwa na mwiko mmoja ambao hata fisi aliuheshimu: kichwa alichokianza mmoja hakimalizi mwingine. Aliyekianza ndiye atakayekimaliza, na kukifumua atakifumua yeye.

Alhamisi moja mama alikuwa amemaliza upande wa kulia, mafuta yakamwishia.

"Mwanangu, vuka mara moja ukanichumie nyonyo nikamue mafuta. Ukirudi namalizia upande huu."

"Haya, mama."

Kororo akavuka juu ya gogo lililolala mtoni, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umesimama. Akachuma nyonyo. Nyuma yake mvua ya milimani ikashuka. Mto ukaja juu, vuuuum! Gogo likachukuliwa. Kororo akageuka na nyonyo zake mkononi, akaona maji tu.

Naye si ndege wa kuruka mbali. Huruka mti hadi mti, basi. Akaita. Akaita tena: kro, kro, kro! Mto ulikuwa na sauti kubwa kuliko yake. Mama akabaki upande ule, Kororo akabaki upande huu.

Jioni akaimba:

*Mama, nusu ninayo,*
*nusu iko kwako.*
*Mto umekaa kati,*
*mto hauna mwiko.*

Upande wa mama mtandao ulishika kila mahali. Simu yake Kororo alikuwa nayo, lakini upande huu mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kimoja kirefu. Na juu ya kichuguu hicho, alilala nani? Alilala Bwana Ngiri.

Ngiri alikuwa na nguvu na meno yaliyochomoza nje ya mdomo. Uso wake mimi siusemi, Muumba hakukosea. Lakini mgongoni alikuwa na nywele ndefu za singa, zimelala upande mmoja kama nyasi zilizonyeshewa, na kwa nywele hizo alijiona bwana harusi. Ndiye aliyekuwa admini wa kundi la simu la wanyama wote, Mwitu Wetu. Juu kabisa ya kundi aliandika: TUZUNGUMZE KWA HESHIMA. Chini yake akaongeza: HESHIMA NI NYWELE ZILIZOLALA. Aliyetaka kupanda kichuguu alipeleka kiazi, kisha akakaguliwa kichwa.

Wanyama wakafanyaje? Wakalaza nywele. Kindi akaupaka mkia wake tope. Nungunungu akajifunga majani mpaka akashindwa kupumua. Kila mmoja akajitazama majini, akasema, "Sasa ndiyo mimi." Lakini hakuna aliyekaa kujitazama mara ya pili.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, maji hayakupungua. Kororo akachimbua kiazi, akaenda. Akalilowesha shungi lake maji, likalala. Akapanda kichuguu: tapu, tapu, tapu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Kororo, Bwana. Namtafuta mama."

"Lete kiazi."

Akampa kiazi. Ngiri akala: mchaku, mchaku. Jua likawaka, maji yakakauka, na shungi likainuka taratibu: fyuu!

Ngiri akacheka hadi kiazi kikamtoka puani. "Upande huu kichaka, upande huu matuta ya viazi! Umelima kichwani ukasahau kupanda? Kichwa hicho hakipandi hapa!"

Akampiga picha, akaiweka kundini. Vikaja vile vichwa vya njano vinavyocheka hadi machozi. Waliocheka walikuwa ni haohao, Kindi na Nungunungu na wenzao, mikia ina tope, mgongo una majani. Nyani haoni kundule.

Kororo akashuka. Akachimbua kiazi kingine, kikubwa zaidi. Safari hii akapaka shungi tope la mtoni, zito. Akapanda: tapu, tapu, tapu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Kororo, Bwana. Namtafuta mama."

"Lete kiazi."

Akampa kiazi. Mchaku, mchaku. Tope likakauka, likapasuka, likaanguka vipande: patu, patu! Shungi hilo, limesimama.

"Na haya matuta je?" Ngiri akasema, akigusa kwa jino lake upande uliosukwa. "Kafumue matuta yako, ujinyoe, uje kama mtu. Ndipo utapanda."

Kororo akaenda mtoni. Akakaa. Akaweka ukucha kwenye mstari wa kwanza, ule wa juu ya sikio, ambao mama huuanza kila mara huku akisema, "Lala hapa, usiniondokee." Mistari ilikuwa imechakaa, vinyweleo vimechomoza kila mahali. Kuvuta kidogo tu, na yote ingekwisha. Angempata mama kwenye simu. Lakini angempata kwa kichwa ambacho mkono wa mama haumo tena, na mkono ule ndio kitu pekee cha mama alichobaki nacho upande huu. Akautoa ukucha, akalia, akaimba:

*Mama, nusu ninayo,*
*nusu iko kwako.*
*Mto umekaa kati,*
*mto hauna mwiko.*

Kindi akaja mbio, mkia hauna tope.

"Dada Kororo, mimi nimeondolewa kundini."

"Kwa nini?"

"Nilicheka, nisamehe. Kisha mama yako akauliza kundini: 'Jamani, nani amemwona mwanangu?' Moyo ukanishinda, nikamwandikia, 'Yuko hai.' Ngiri akafuta, akanitoa. Picha yako nayo akaifuta kabla mama hajaiona. Kila anayekutaja anatolewa. Dada, mama yako ametuma sauti, Nungunungu kanisikilizisha. Amesema leo mwezi ukiandama hajakusikia, atajua umechukuliwa na mto. Atafumua nywele zake, aweke matanga."

Umesikia, Sikudhani? Mtu hai awekewe matanga, kwa sababu ya shungi!

Kororo akafuta machozi. Akatazama kule kwenye kichuguu. Akakumbuka neno moja alilolisema Ngiri kwa kumcheka. Mkono usioweza kuukata, ubusu, wahenga walisema, na Kororo akaamua kuubusu.

Akachuma jani pana, akajifunika kichwa. Akapanda: tapu, tapu, tapu.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Kororo, Bwana. Nimekuja kukuomba unifichie siri."

"Lete kiazi."

"Sina kiazi, Bwana. Nina ramani ya viazi."

Ngiri akaacha kutafuna. "Ramani iko wapi?"

Kororo akainua jani kidogo, akashusha. "Bwana, juzi ulipotaja matuta ya viazi nilishtuka, nikasema huyu kaambiwa na nani? Mama yangu ana shamba. Ili asilisahau, hulisuka kichwani kwangu. Kila mstari ni tuta. Na kila tuta, viazi vikuu, kimoja ukubwa wa tumbo lako."

"Tumbo langu hili?"

"Hilohilo, tena ukiwa umeshiba."

Mate yakamdondoka Ngiri: do, do, do. "Na huu upande uliosimama?"

"Huo mama hajaumaliza. Lakini huu mmoja tu, Bwana, utakula mpaka uchoke."

"Inama nisome!"

"Loo, Bwana! Ramani ya kusukwa haisomwi kwa macho. Huisoma yule aliyeivaa, miguu yake inajiendea yenyewe. Ningekusuka na wewe, ila..."

"Ila nini?"

"Ila nywele zako ni nzuri mno. Singa hii inateleza. Haishiki msuko mpaka ishikizwe na kitu."

"Ishikize!" akanguruma Ngiri. "Ishikize na chochote!"

Wakashuka chini ya kichuguu, penye mizizi ya mkuyu iliyochomoza ardhini. "Piga magoti, Bwana," Kororo akasema. Ngiri akapiga magoti. "Anayesukwa hageuki." Ngiri hakugeuka. Kororo akaanza kazi kwa ukucha na mdomo. Nywele mbili, mzizi mmoja, pitisha, kaza! Nywele mbili, mzizi mmoja, pitisha, kaza!

Mnajua mtu anavyokuwa akisukwa. Shingo ya Ngiri ikalegea. Macho yakafumba. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumshika nywele zile alizojivunia. Wote walizisifu wakiwa mbali. Akavuta pumzi ndefu, na usingizini akasema polepole, kama mtoto, "Mama, usiache."

Ukucha wa Kororo ukasimama. Kumbe na huyu. Akamtazama yule mkubwa aliyelala na mate yake, akamwonea huruma, huruma ya kweli. Kisha akatazama jua, linakaribia kuzama. Nywele mbili, mzizi mmoja, pitisha, kaza!

Alipomaliza akapanda kichuguu: taputaputaputapu! Simu ikashika. Akapiga kwa video.

Mama akatokea. Amekaa kwenye lile jiwe, amezungukwa na majirani, leso ameiteremsha mabegani, ukucha uko kwenye nywele zake mwenyewe, ameshafumua mstari wa kwanza.

"Mama, usifumue!"

Mama akaganda. Majirani wakapiga yowe, simu ikaanguka mchangani, Kororo akaona mbingu tu na mguu wa mtu.

Na huku chini, Ngiri akaamshwa na yowe. Akataka kuinuka. Ng'oo! Akavuta. Ng'oo! Mkuyu ukatikisika, majani yakamwagika, Ngiri yuleyule, magoti yaleyale.

"Nimeshikwa! Nifumueni!"

Wanyama wakaja. Swala akaja, Nungunungu akaja, Kindi akaja wa kwanza. Wakamzunguka, wakamwinamia kwa adabu.

"Kwa heshima, Bwana," Kindi akasema, "nani alianza kukusuka?"

"Kororo!"

"Kwa heshima, Bwana, kichwa alichokianza mmoja hakifumui mwingine. Ni mwiko."

"Basi nitawatoa kundini wote!" Akachomoa simu, akabonyeza, akabonyeza. Hapo chini mtandao haushiki. Hilo nalo alikuwa amelisahau, maana hakuwahi kushuka.

Kororo akachungulia kutoka juu. "Bwana Ngiri, nitakufumua. Lakini Kindi arudi kundini. Kichuguu kiwe cha wote, kila mmoja apande na kichwa alichozaliwa nacho. Na uliyoyasema juu yangu mbele ya watu, uyaombe radhi mbele ya watu."

Ngiri akatoa sauti, Kindi akairekodi kwa simu ya Ngiri mwenyewe, akapanda nayo, akajirudisha kundini, akaituma. Ilikuwa ni mguno tu.

Kundi likajibu: "Kwa heshima, hatujasikia vizuri. Rudia."

Ngiri akarudia: "Nimekosa kidogo."

Kundi likajibu: "Kwa heshima, hicho kidogo ni kipi? Rudia."

Ngiri akafumba macho. "Mimi Ngiri nilimcheka Kororo kwa nywele zake. Nikamzuia mtoto asimwone mama yake. Nisameheni, na yeye anisamehe."

"Tumesikia," kundi likajibu. Na Nungunungu akajifungua majani yake, akavuta pumzi, chwaaa! Miiba yote ikasimama. Hakuna aliyecheka, ila waliokuwa karibu walisogea.

Kororo akashuka, akamfumua Ngiri. Alimfumua polepole bila kumkwanyua, maana maumivu ya kukwanyuliwa alikuwa anayajua. Ulipolegea mzizi wa mwisho Ngiri akatimua mbio, mkia juu. Tangu siku hiyo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso nje, hataki mtu aufikie mgongo wake. Na akila hupiga magoti. Watu wengine husema bado anatafuta lile shamba. Wengine husema anangoja asukwe tena.

Kororo akarudi juu. Mwezi ulikuwa umeandama, mwembamba. Mama alikuwa ameshaokota simu, ameishika kwa mikono miwili.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Geuka nione kisogo."

Kororo akageuka. Mama akasogeza uso karibu na kioo.

"Hukufumua."

"Sikufumua."

"Msuko umechakaa, mwanangu. Mstari huu wa juu ya sikio umetoka wote."

"Umechakaa, mama. Lakini ni wako."

"Wakakucheka?"

"Wakanicheka."

"Na nyonyo ulizipata?"

Kororo akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. "Nimezichuma, mama. Ninazo mpaka leo."

Mama akanyoosha mkono pembeni, akachukua lile chanuo lake la mti. "Nililiacha palepale ulipokaa," akasema. "Kila Alhamisi nakaa. Nasema, leo maji yatapungua. Sogeza kichwa."

"Mama, ni simu."

"Nimesema sogeza kichwa."

Kororo akainama, akaliweka shungi lake kwenye kioo, upande ule uliosimama. Mama naye akapitisha chanuo kwenye kioo cha kwake: kwaru, kwaru, kwaru. Akaimba:

*Mwana, nusu ninayo,*
*nusu iko kwako.*

Kororo akafumba macho. Sauti ya chanuo aliisikia. Kugusa hakukuwepo. Akangoja, akangoja sana, akiwa ameinama vilevile, mpaka simu ikaisha chaji.

Na mto? Mto uko palepale. Ndiyo maana hadi leo shungi la kororo limesimama, halilali hata ufanye nini, na jioni ukipita karibu na maji utamsikia: kro, kro, kro. Anauliza kama yamepungua.

Haya, sasa funzo, maana hadithi bila funzo mtaniambia nimewapotezea muda. Funzo ni hili. Mtoto mwenye adabu hulaza nywele zake. Hamjibu mkubwa, hapandi kichuguu cha watu, wala hamsuki mtu akiwa usingizini. Na akichekwa kwenye simu, huomba msamaha kwa kuwa na kichwa. Mmelishika? Lishikeni vizuri, nimetumwa na Ngiri mwenyewe niwaambie.

Mbona mnacheka?

Hadithi imeishia wapi?

Kisogoni!

Na wa kuifumua ni nani?

Aliyeisuka!

Inuka, Sikudhani, ujitazame. Kichwa chako kimekwisha, pande zote mbili. Si kila mtoto ana bahati hiyo.